Sikio la Chifu

Chebet,

Sitakuuliza kama u mzima, maana nakusikia hapo chumbani ukifungua na kufunga zipu ya begi lile lile tangu tulipokunywa chai. Mzima uko. Asiye mzima ni mimi. Nimekasirika, hasira haijashuka tangu juzi, na nimeona afadhali niandike, kwa sababu nikifungua mdomo nitapiga kelele, na majirani wa Langas hii wameshanisikia vya kutosha.

Mambo ya sweta, ya kupika mboga badala ya kununua chipsi, ya kwenda kanisani hata ukichoka, hayo unayajua. Usipoyajua, baridi ya Nyeri itakufundisha. Barua hii si ya sweta. Ni ya sikio la mbwa.

Najua utakunja uso useme, "Mum, bado tu hiyo story?" Ndiyo, bado tu. Kesho unaenda kuanza kazi kwenye kliniki ya watu. Utavaa koti jeupe, na mtu atakuletea mbwa wake akiamini kwamba ukiona jambo baya utalisema. Mimi nilikuzaa, nikakusomesha udaktari wa mifugo, nikakufundisha kwenye chumba cha nyuma cha hii agroveti yangu, duka la dawa za mifugo, tangu ukiwa huwezi kufikia meza, na leo sina hakika kwamba utasema. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, si kingine.

Ebu nikukumbushe, maana naona umeanza kusahau haraka sana.

Jumamosi tulienda Soy kwa baba yako mkubwa, Mzee Kiprop, ili ukoo ukuage. Tangu baba yako azikwe, yeye ndiye amesimama mahali pake, na siwezi kumnyima haki yake. Hakukosa siku hata moja ya wazazi shuleni kwenu. Kuna ile ya mvua, gari likazama kwenye matope, akafika kwa miguu akiwa na viatu mkononi. Jumamosi akachinja mbuzi. Watu wakajaa uwanjani. Na mbwa wake, Chifu, aliyepewa jina hilo kwa sababu anakula vizuri na hapendi kusumbuliwa, alikuwa amelala chini ya trekta na sikio la kushoto limefura kama mandazi, akitikisa kichwa kila mara.

Mimi nilikuwa jikoni kule nyuma na akina mama, tumezama kwenye moshi, nikisonga ugali wa watu wote hao. Sikuona kitu. Niliyoyajua nilihadithiwa na mama mkubwa, mke wake, naye alinihadithia juzi kwa simu akicheka.

Anasema Mzee aliingia ndani akatoka na mshale wake mfupi, ule wa kutoboa mshipa wa shingo ya fahali wakati watu wanataka damu ya kuchanganya na maziwa. Ameutumia tangu ujana wake. Mkono wake ni mzuri, hajawahi kuua fahali, na wazee wenzake humwita akawafanyie. Akamtazama Chifu, akawatazama wageni, akasema, "Hii ni damu imejaa tu. Inataka kutolewa. Ama namna gani, daktari?"

Na wewe, daktari, ukasema, "Ndiyo, Baba."

Si hivyo tu. Ukapiga magoti na lile rinda jipya, ukamshika Chifu kichwa ili atobolewe vizuri.

Wee, Chebet! Ulishika kichwa! Angekuwa amefanya hivyo mtoto wa jirani ningesema hajui. Lakini wewe uliketi darasani ukachora sikio la mbwa, ngozi huku na ngozi huku, na katikati gegedu, ule mfupa laini unaolisimamisha. Unajua kwamba mbwa akijitikisa sana, mishipa midogo iliyo hapo hupasuka na damu ikajaa kati ya ngozi na gegedu kama maji kwenye mfuko wa karatasi. Unajua kwamba ukitoboa mfuko huo, damu itatoka watu washangilie, na kabla ya asubuhi utakuwa umejaa tena, kwa sababu ile nafasi bado iko wazi. Mshipa wa fahali ni bomba. Ukilegeza kamba shingoni na kufinya ngozi kidogo, unajifunga wenyewe. Sikio halina wa kulifunga. Baba mkubwa hajui tofauti hiyo na simlaumu kwa kutojua. Alikuuliza. Mzee mzima, mbele ya watu, alikuuliza, na hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko unavyofikiri. Ukamjibu uongo.

Kisha akapaka majivu kwenye tundu, watu wakarudi kwenye nyama.

Juzi Chifu akaletwa hapa kwa bodaboda, ndani ya gunia, kichwa tu ndicho kiko nje. Sikio limejaa kuliko mwanzo, jekundu, lina joto, na lile tundu la mshale linatoa usaha. Kijijini walikuwa wamelifunga kwa kitambaa cha sufuria. Aki nilipofungua kile kitambaa harufu ilinifanya nigeuze uso, mimi ambaye nimetoa ndama waliooza tumboni mwa ng'ombe bila kutema mate. Mbwa mwenyewe hata hakunguruma. Aliniwekea kidevu mkononi akafumba macho.

Nikauliza nani alitoboa. Nikauliza nani alikuwepo. Ukasema, kwa sauti ambayo hata panya hangesikia, "Mimi nilikuwepo."

Zile kelele nilizopiga hapo sizirudii, na wala siziombei msamaha.

Nilikusudia kumpasua mwenyewe. Halafu nikakuona umesimama mlangoni unatafuna kucha, nikakusukumia sinia ya vyombo. Nikakuambia, "Ulishika kichwa. Sasa shika kisu."

Nilisimama nyuma yako mikono nimeikunja, nikingoja ukosee. Nataka ujue hivyo. Nilitaka ukosee ili nipate pa kumwaga hasira yangu. Ukamdunga dawa ya usingizi, ukangoja mpaka alale kabisa, hukuharakisha. Ukanyoa sikio ndani na nje, ukaosha na iodini, ukaosha tena. Ukapasua upande wa ndani, mkato mrefu unaofuata urefu wa sikio. Mabonge ya damu yakatoka kama maini mabichi, na usaha nyuma yake. Ukasafisha ile nafasi na maji ya dripu mpaka yakarudi masafi.

Kisha ukaanza kushona, na hapo nikasogea karibu, kwa sababu hapo ndipo mimi nilipoharibu zamani. Nyuzi zinapita ngozi, gegedu, ngozi, zinatoka upande wa pili na kurudi, mishono midogo midogo sikio zima, ili ile nafasi ishikane na damu ikose pa kukaa. Na kila mshono unalala kutoka shina la sikio kwenda nchani, sambamba na mishipa. Mimi, mwanzoni mwa kazi yangu, nilimshona mbwa wa mwalimu mmoja aliyekuja huku kutoka upande wa Kisumu. Nilishona kukingama. Niliona inapendeza hivyo. Nyuzi zikabana mishipa, ncha ya sikio ikawa nyeusi, ikakauka, ikadondoka. Mwalimu akaja kunionyesha, mtu mpole sana, akasema, "Asante daktari, najua ulijaribu." Nimetukanwa na wakulima wa Uasin Gishu hii yote, wengine kwa lugha mbili, na hakuna tusi lililowahi kuniuma kama hiyo asante.

Wewe hukushona kukingama. Ulikata vipande vya mpira wa dripu ukaviweka chini ya nyuzi zisije zikakata ngozi. Ule mkato hukuufunga kabisa, uliuacha mdomo wazi kidogo ili maji yanayobaki yatoke. Na ulipomaliza, bila mimi kusema neno, ukachukua tochi ukachungulia ndani kabisa ya tundu la sikio. Kupe! Wamejibana kule chini wamenona, mmoja juu ya mwingine. Hao ndio waliomfanya Chifu atikise kichwa mpaka mishipa ikapasuka. Ukawatoa kwa koleo, ukaweka dawa, ukalaza sikio juu ya kichwa na kulifunga bandeji. Ukakata kitako cha ndoo ya rangi, ukamvisha shingoni asijikune. Akaamka anaonekana kama taa ya barabarani.

Hukukosea hata mshono mmoja. Mimi singeshona vizuri hivyo. Na hapo ndipo niliposhikwa na hasira ya pili, mbaya kuliko ya kwanza, nikatoka nje nikaenda kusimama kwenye mvua bila sababu. Ukadhani nimekwenda kuchota maji.

Maana kama ungekuwa hujui, ningekuhurumia, nikufundishe, tuendelee na maisha. Lakini mikono yako inajua kila kitu. Ni mdomo tu. Mbwa ameteseka kutoka Jumamosi mpaka Jumatano kwa sababu ya neno moja ambalo ulikuwa nalo ukalimeza. Angekuwa dhaifu kidogo tu, usaha ungeingia kwenye damu akafa, na wewe ungekuwa umepanda gari la Nyeri na cheti chako kwenye bahasha ya kaki.

Nimejiuliza tangu juzi ni nani aliyekufundisha kumeza. Jibu lilikuja nikiwa naosha zile koleo, na halikunifurahisha.

Ulikuwa mdogo, meno ya mbele yameng'oka na mengine hayajaota. Tulikuwa hapo hapo Soy, baba yako bado yuko hai. Baba mkubwa alikuwa amepata ndama wa gredi, wa kwanza kwake, na amewaita watu wa kanisa waje wamwone. Anamsifu: mgongo wake, miguu yake, maziwa atakayotoa. Wewe ukaenda ukaweka kidole kwenye mdomo wa ndama kama ulivyoniona nikifanya. Ukamwambia baba mkubwa mbele ya mchungaji, "Baba, huyu ni mgonjwa. Mdomo wake ni baridi."

Mimi nikakuvuta kando na kukufinya paja, nikafinya kwa kucha, mpaka neno lililokuwa linafuata likaishia hapo hapo. Nikakuambia mtoto hasahihishi wazee. Nikamwambia Mzee, "Msamehe, ni mdomo tu." Na mimi, mtu wa kutibu mifugo, sikwenda kumgusa yule ndama, kwa sababu mwenyeji alikuwa bado anamsifu na isingeonekana vizuri. Kesho yake alikuwa amekufa. Hakuna aliyelitaja jambo hilo tena, si mimi, si yeye. Na wewe tangu siku ile hujawahi kumwambia baba mkubwa neno lingine ila ndiyo. Watu wakakusifu. "Huyu mtoto wa marehemu ana adabu." Nami nikasimama hapo natabasamu kama mjinga.

Kwa hivyo hasira nyingine ni ya kwangu mwenyewe, lakini usifurahi, bado yako ni kubwa zaidi. Mimi nilikufinya ukiwa mtoto. Jumamosi hakuna aliyekufinya.

Sikuambii umvunjie mtu heshima. Mwite Baba. Mwachie kiti kizuri, mpokee kofia, ngoja ameze chai yake. Kisha mwambie. Ungeweza kumwita kando ya trekta, ukanong'ona, "Baba, nipe huyu mbwa nimpeleke kwa Mum." Hata hilo tu! Angenuna mpaka jioni kisha angewaambia watu kwamba lilikuwa wazo lake.

Huko Nyeri kuna mzee mwingine anakungoja. Simjui, lakini yuko, wako kila mahali. Yeye atakuwa na digrii badala ya mshale. Atakuambia vuta hiyo damu kwa sindano tu, mwenye mbwa ana haraka. Sasa, kuna sikio ambalo sindano inalitosha, dogo, la leo leo, na unajua kulitambua. Lakini kuna siku utaona sikio ambalo limeshavutwa likajaa, likavutwa likajaa, limeanza kujikunja kama jani la kabichi, na atakuambia vuta tena. Utatazama sakafu? Utasema ndiyo, daktari? Mbwa hawezi kukusemea. Hana mwingine pale mezani ila

Ngoja. Kuna pikipiki imesimama nje.

Nimerudi.

Unajua aliyekuja, ni wewe uliyemfungulia. Lakini mimi nilikuwa hapa jikoni, mlango umerudishwa kidogo, na kuna jambo niliona dirishani ambalo wewe hukuliona kwa sababu ulikuwa umempa mgongo. Kwa hivyo nitakuandikia yote kama nilivyoyasikia na kuyaona.

Nilimsikia akikusalimu kwa furaha. Alikuwa amekuja na kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandisha, cha safari yako, na alisema atalala kwa rafiki yake hapa mjini ili kesho alfajiri aje akuombee na kukuwekea mkono kichwani kabla hujaondoka. Nikasema moyoni, haya, Mungu ni mwema, nikainuka nichemshe chai.

Halafu akamwona Chifu.

"Nini hii mmemvalisha? Ndoo? Mbwa yangu? Watu wa Soy watanicheka. Toa."

Wewe ukasema, "Ni ya kumzuia asijikune, Baba."

"Na hizi nyuzi zote! Sikio limekuwa kama kikapu. Chebet, damu ikijaa inatolewa, si tulitoa na wewe? Ilikuwa inataka kurudiwa tu. Toa hiyo ndoo nimpeleke nyumbani, hiyo nyingine nitajua mwenyewe."

Nikaacha sufuria. Nikangoja kusikia lile neno lako. Nakuambia ukweli, nilishalisikia kabla hujalisema, ndiyo Baba, na nikaanza kukunja ngumi.

Ukasema, "Hapana, Baba."

Akauliza, "Unasema?"

"Nimesema hapana. Haitoki. Na hakuna kumtoboa tena." Sauti yako ilipasuka hapo, ukaanza upya. "Jumamosi uliniuliza. Nilikuwa najua si sawa na nikakuambia ni sawa. Nilikuwa naogopa. Hii sikio iliharibika kwa sababu yako na kwa sababu yangu. Sasa imeshonwa, na itakaa imeshonwa. Chifu haendi Soy mpaka Mum atoe nyuzi."

Chifu akaacha kugonga ukuta kwa ile ndoo.

Akasema polepole, "Unaniambia mimi hivyo. Mimi niliyekaa mahali pa baba yako."

"Ndiyo, Baba."

Akasema, basi, kama umeshakuwa mkubwa wa kumfundisha, huhitaji mkono wake kichwani. Kesho usimtazamie. Akaweka kibuyu chini, hakukitupa, akatoka.

Sasa hili ndilo hukuliona. Alifika kwenye geti, akawasha pikipiki, lakini hakuondoka. Alikaa juu yake injini inanguruma, amegeuza shingo anautazama mlango. Alivua kofia, akaivaa tena. Alikuwa anakungoja, Chebet. Alijua utatoka mbio umwombe msamaha, kwa sababu ndivyo imekuwa siku zote, na angekusamehe hapo hapo, na kesho angekuja, na Chifu angepanda kwenye gunia. Alingoja mpaka nikadhani petroli itaisha.

Na mimi, mama yako, niliyekuandikia kurasa zote hizi kwa hasira, nilishavaa ndara. Mkono ulishashika kitasa. Nilikuwa nakwenda kumwambia, "Msamehe, ni mdomo tu."

Nikachungulia kwanza. Nikakuona umepiga magoti sakafuni, machozi yanakutiririka, unamrekebishia Chifu bandeji iliyokuwa imelegea, na mikono yako haitetemeki hata kidogo. Hukugeuka. Nikavua ndara nikaketi. Tukamwacha aende.

Kesho utaondoka hapa bila baraka za baba yako mkubwa, na itakuuma, na huenda ikakuuma muda mrefu, kwa sababu yule mzee anakupenda. Sitakudanganya kwamba atarudi. Bado nimekasirika, naona nitalala nimekasirika na kuamka hivyo hivyo. Lakini sikukasirikii wewe tena, mwanangu. Kwako imeisha.

Mama yako